Kura za Marehemu

Mwandiko wangu unajulikana. Niliacha shule darasa la sita, na mpaka leo herufi zangu hulala upande kama nyasi zilizokanyagwa. Aliyenifundisha upya kushika kalamu ni mzee wa Kiarabu aliyeswali nasi huku ughaibuni, Eagan, katika ukumbi tuliokodi katikati ya maghala. Kwao alifungwa kwa kudai uchaguzi. Kiswahili alikipata Mombasa, alikokimbilia alipotoka jela. Sisi tulimwita Mwalimu.

Mwenyekiti wa msikiti wetu alipofariki, mwanawe, mwenye duka la nguo, alianza kufungua mikutano. Hakuna aliyemchagua na hakuna aliyemkataza. Kiti cha baba, cha plastiki, chenye mto wa kijani, kilibaki mbele, kitupu. Watoto walikizunguka kwa mbali.

Mwalimu aliwasihi wazee wiki nyingi. Alisema kwao pia mtawala alikufa, na mwana akakaa kabla udongo haujakauka.

"Mara moja tu," alisema. "Nione Waislamu wakichagua kwa siri, bila kuogopa, kabla sijafa."

Wakakubali. Mwana ashindane na bwana mmoja mfanyakazi wa ghalani, anayetufungulia mlango alfajiri na kuzoa theluji bila kuombwa. Asipopatikana mshindi, mwana abaki. Mimi nilimtaka bwana wa theluji.

Jumapili baada ya Adhuhuri tuligawiwa karatasi tupu. Mwalimu hakutaka kuchapisha majina. Alisema kila mtu aandike mwenyewe.

"Yakhe, huyu akianza kuandika leo, mwenyekiti tutampata Ijumaa," jirani yangu alisema, akinionyesha kwa kidevu. Watu wakacheka. Mwana wa marehemu alicheka pia, akanitazama mkono.

Hapo nikaogopa. Mama yangu anashona nguo za duka lake. Angeona tu zile herufi, angejua ni mimi niliyemkataa. Lakini kumwandika yeye sikuweza. Nikafikiri: nitaandika jina la marehemu. Halimuudhi mtu, halimsaidii mtu. Nikaliandika polepole, nikakunja.

Kina mama walipitisha zao chini ya pazia. Mwalimu akafungua ya kwanza, akasoma jina la marehemu.

"Mungu amrehemu," tukaitikia, kama tunavyoitikia siku zote jina lake likitajwa.

Akafungua ya pili. Jina lile lile.

"Mungu amrehemu."

Ya tatu. Ya nne. Sauti yake ilianza kushuka, na yetu ikashuka nayo. Nyuma ya pazia watoto walinyamaza. Hita ya ukutani ilikohoa mara mbili, kavu, kama alivyokuwa akikohoa marehemu mwenyewe kabla ya kuanza kikao. Nikaona wazee wawili wanatazama mto wa kijani. Jina likaitwa tena, na tena, kama mtu anayebisha hodi, na kila mara sisi tukaitikia. Hakuna aliyethubutu kutoitikia.

Mlango ukafunguka. Ukumbi mzima ulishtuka. Mtu mrefu alisimama pale, mweupe kuanzia kofia hadi viatu.

Alikuwa bwana wa ghalani, na sepetu mkononi. Alijikung'uta theluji.

"Samahani," alisema kwa sauti ya chini. "Nilidhani mnapiga kura. Kumbe mnamsomea marehemu khitma?"

Mwalimu alibakiwa na karatasi moja. Aliifungua, akaitazama muda mrefu kuliko zote. Nilijua kwa nini. Herufi zile aliziongoza yeye, akiwa ameuweka mkono wake juu ya wangu. Alinitafuta kwa macho, akanipata.

"Nani hapa alitaka mtu mwingine?" aliuliza watu wote, lakini alinitazama mimi.

Bwana wa theluji alikuwa amesimama pale pale, maji yakimtiririka miguuni, akisubiri kuelezwa. Nikatazama zulia.

Mwalimu hakuisoma ile karatasi. Aliikunja, akaitia mfukoni, akavaa koti.

"Hata huku," alisema, akatoka. Hakurudi kuswali nasi tena.

"Basi, mwanangu, kaa," mzee mmoja alimwambia mwana wa marehemu.

Akakaa, taratibu, kama anayeogopa kumkalia mtu. Akaweka mto sawa. Halafu, kabla hajafungua kikao, akakohoa mara mbili, kavu.

"Mungu amrehemu," mtu akaitikia nyuma yangu.