Kaskazi ya Matrah

Ijumaa iliyopita nilikwenda Matrah, hapa Maskati, kununua bukhuri ya kufukizia, miguu ikanipandisha yenyewe mpaka kwenye kichochoro chetu cha zamani. Nyumba tuliyokulia bado ipo, ila haikaliwi na mtu. Mfanyabiashara mmoja wa sokoni ameigeuza ghala, na siku hiyo mlango ulikuwa wazi kwa kuwa wafanyakazi wake walikuwa wakiingiza mzigo. Nikaomba kuchungulia. Hebu kisia, mwenzangu, nilichokikuta katika chumba tulichokuwa tukilala: mablanketi. Mazito, ya manyoya, yenye picha za simba na mawaridi, kila moja na mfuko wake wa plastiki, yamepangwa kutoka sakafuni hadi darini. Nilicheka peke yangu hata mmoja wa wale wafanyakazi akaniuliza kama sijambo. Kicheko kikanikauka, nikateremka.

Utaniuliza, Maskati na baridi wapi na wapi. Wengi huijua Maskati ya Juni, ile inayochemsha maji ndani ya matangi. Hawaijui ya Januari, katika nyumba ya matofali ya saruji iliyobanwa na mlima wa mawe, upepo unapopita chini ya mlango. Si baridi ya kuua mtu, watu husema.

Sisi tulitoka Unguja nikiwa mdogo, baba alipopata kazi serikalini. Aliyefunga mizigo ni bibi, mama yake baba. Alikuwa na mablanketi manne mazuri ya sufu, na siku ya kuondoka akawagawia majirani yote. "Tunakwenda Arabuni, kwenye moto," alisema. "Blanketi la nini?" Akachukua kanga zake, mbuzi ya kukunia nazi na chupa za mafuta ya nazi. Tukafika Desemba. Kwetu Desemba ni kaskazi, na kaskazi ni joto, ni kulala madirisha wazi. Basi usiku wa kwanza bibi akapita chumba kwa chumba akifungua madirisha. "Kaskazi ishaingia," akatuambia. "Uwacheni upepo upite."

Asubuhi tuliamka tumejikunja, midomo imepasuka, na mafuta ya nazi yameganda chupani, meupe pepe. Bibi hakupata kuyaona hivyo maisha yake yote. Aliigeuza chupa juu chini, akaitikisa, mwisho akaitia kwapani akakaa nayo mpaka yakayeyuka. "Upepo ndio ule ule," akasema. "Kumbe kwetu huja umeshapita juani." Kuanzia hapo ile chupa ndiyo ikawa kipimo chetu. Mafuta yakiganda, hatukuhitaji redio kutuambia lolote.

Hita zilikuwapo madukani, usidhani. Lakini baba alikuwa ameshika neno moja tu: nyumba. Alipewa kiwanja mtaa wa Wattaya, na kila baisa, senti ya huku, iliyobanwa ilikwenda kuwa tofali. Hita inakula umeme, alisema, na umeme ukila, nyumba hailiwi. Sijui maana yake nini hata leo, ila sote tuliikariri. Makaa nayo aliyakataza chumbani, maana watu wa kichochoro cha pili walizimia kwa moshi na waliokolewa kwa bahati. Seredani, jiko letu la makaa, ikabaki uani, kwa kahawa na ubani tu.

Kwa hiyo tukawa mabingwa wa kubana joto. Tulihama vyumba vyote tukalala kimoja, sote sita, baba, mama, bibi na sisi watoto watatu, magodoro yameunganishwa, na chini yake maboksi yaliyokunjuliwa, ambayo mama aliyaomba sokoni. Ukutani palikuwa na tundu la kiyoyozi kisichokuwapo. Tuliliziba kwa mto mkuukuu na gunia la mchele. Jioni tulipewa uji wa pilipili manga, mzito, wa kuunguza ulimi, kisha chai ya tangawizi, na aliyemaliza aliambiwa aendelee kulishika bilauri mpaka lipoe. Mama alizipiga pasi kanzu za baba mwisho kabisa, saa ya kulala. Akishachomoa waya, bibi aliinyakua ile pasi na kuipitisha juu ya mashuka yetu kwa joto lililosalia, mkono mbio mbio, nasi tumesimama pembeni tukingoja kurukia. Dakika ile ya kwanza ndani ya shuka sijaipata tena popote, na nimelala katika mahoteli.

Bibi alilala upande wa ukuta. Ukuta ule ulikuwa kama mtungi, ukiugusa unatoa baridi mpaka kwenye mfupa, na mama alimsihi ahame aje kati. "Mtu mzima hasikii ukuta," alijibu, akatusogeza watoto mbali nao. Usiku tulimsikia akikohoa ndani ya kanga aliyoikunja mdomoni ili asituamshe.

Asubuhi alitusugua vifua kwa mafuta ya karafuu kabla ya skuli. Darasani wasichana walishika pua. Mwalimu wetu, mwanamke Mmisri mpole, akanihamishia dirishani ili harufu itoke, yaani mahali penye baridi kuliko pote. Niliona haya, na nilivumilia. Nyumbani sikusema, kwa sababu mafuta yale bibi alikuwa akijinyima mwenyewe.

Yeye dawa yake ilikuwa jua. Mlima wa Matrah hulichelewesha. Watu wa pwani wameshaanza kutoka jasho, sisi bado tumo kivulini. Bibi alipanda juu ya paa na mkeka wake na sinia ya vitunguu thomu vya kumenya, akangoja. Jua likifika pembeni, alikaa pembeni. Likisogea, naye alisogea na sinia yake, mpaka likampita. Akishuka alikuwa na rangi kidogo mashavuni.

Lililokuwa likimsumbua alilisema wazi, na lilikuwa moja. Alitaka kurudishwa Unguja kila kaskazi, apate joto, kisha arejeshwe. Alimwambia baba kila mwaka, mafuta yakianza kuganda.

"Nyumba ikisimama tu, bi mkubwa, inshallah," baba alimjibu. "Chumba chako nnakijengea dirisha kubwa la mashariki. Jua litakufuata kitandani."

"Mie sitaki nyumba, mwanangu. Nnataka jua. Nyumba kaeni nyinyi."

"Vumilia baridi hii moja."

Akavumilia hiyo, na iliyofuata. Baba hakuwa mtu mbaya, na ningependa unielewe hapo. Alivaa koti moja miaka yote, alikwenda kazini kwa miguu, na kipande cha nyama kikifika kwake alikipeleka sahani ya mama yake. Aliamini kuwa mtu hubana leo ili kesho apanuke. Ni watu wangapi wamelelewa hivyo, na kesho yao ikafika.

Kaskazi ya tatu kikohozi kiliteremka kifuani kikawa kichomi. Daktari aliuliza mgonjwa analala wapi. Mama ndiye aliyejibu. Bibi alifariki kuta za Wattaya zikiwa zimeshapanda, zinangoja kuezekwa. Nakumbuka mama akichemsha maji ya kumkosha, sufuria juu ya sufuria, zaidi ya yaliyohitajika, na kila ndoo akiijaribu kwa kiwiko kama anayemwogesha mtoto mchanga. "Yasiwe baridi," ndilo neno pekee alilolisema siku ile.

Leo kila mtu ana chumba chake. Wanangu wanabonyeza kidude, kiyoyozi kinatoa joto, na mlango umefungwa. Hawajui kaskazi ni nini. Wao husema "shitaa", kwa Kiarabu, na kunyoosha mkono kutafuta kidude. Hakuna anayejua mwenzake anapumua vipi usiku. Ninaifurahia raha yao, na ninawaonea huruma, na sijui lipi zaidi. Ukiniuliza ninakosa nini, nitakwambia: zile pumzi sita katika chumba kimoja, na hasa ile iliyokuwa ikikwama.

Nilipotoka Matrah Ijumaa ile nilikwenda moja kwa moja Wattaya kwa baba. Sasa ni mkubwa kuliko alivyokuwa bibi. Mama ametangulia, nasi tumehama, na nyumba ni yake peke yake. Hita mbili tulizomnunulia zimo ndani ya maboksi yake. Nilimkuta katika chumba kilichojengwa kwa ajili ya bibi, koti begani, amekaa mbele ya lile dirisha la mashariki. Nikamsimulia nilichokiona, yale mablanketi hadi darini, nikidhani atacheka.

Hakucheka. Alikitazama kioo cha dirisha kutoka pembe hadi pembe.

"Hili dirisha nililiagizia mbali," akasema. "Tiketi ya Unguja ilikuwa rahisi kuliko hili."