Kiendeshi Kisichouliza Nani Yupo

Hata leo nikikumbuka kile kikao, damu inanichemka.

Kampuni yetu ndogo hapa Kolwezi ilikuwa ikiandika kiendeshi, yaani programu ya kuiwezesha kompyuta kusema na sanduku la vipima, tunavyoviita kapteri, kwenye pampu ya chini kabisa ya shimo la shaba. Mimi nilitaka kiendeshi mzazi kiulize kila tundu la sanduku: nani yupo? Kapteri ikijibu kuwa ni ya maji au ya joto, ipewe kiendeshi mtoto wake. Isipojibu, skrini iseme haipo. Mkuu wangu, mhandisi, alitaka kiendeshi kimoja tu, majina yamekazwa humo: tundu la tatu ni maji, basi.

"Tata ingenieri," nilimwambia kikaoni, "ku mugodi bitu binahamaka. Kapteri ikikufa, bantu banatosha ingine ku pompe ya jirani, banaileta."

"Ni makosa yabo," akajibu. "Programu yako itatuchelewesha."

Alijua kwamba kapteri huhamishwa, na hilo ndilo linaloniudhi. Huku kwetu pampu huponya pampu, na gari huponya gari. Tukisubiri vipuri vya ng'ambo, mashimo yote yatakuwa maziwa ya maji. Kukaza majina vile ni kupiga hodi nyumba ya kupanga na kumwita mpangaji aliyehama. Nilisema hayo yote, tena kwa sauti. Hakunijali, kwa kuwa mwenye kuamua alikuwa yeye.

Msimu wa mvua zamu moja ilichukua kapteri ya maji kuokoa pampu nyingine, ikachomeka ya joto kwenye lile tundu la tatu. Kiendeshi chetu kikasoma joto, kikaliita maji. Kaka yangu mkubwa, fundi umeme wa mgodi, alikuwa ndani ya kibanda cha pampu akitengeneza mota. Juu, skrini ilionyesha maji machache, kijani tupu, na waliopaswa kumwita kwa redio atoke hawakumwita. Maji yakamzibia mlango. Alijiokoa kwa kupitia dirishani, akavunjika mguu.

Mkuu aliwalaumu waliohamisha kapteri. Nilimwambia mbele ya wote kwamba ana roho mbaya, na sijutii.

Hospitalini nilimweleza kaka jinsi programu ilivyofanya. Alisikiliza, akautazama mguu wake.

"Basi ilikuwa inaita kapteri yenye ilishaenda," akasema. "Na mi mwenye nilikuwa mule, hakuna mwenye aliniita."