Picha za Kupambwa kwa Ruweida

Mtaa mzima wa Bondeni, mwanamke aliyeaminiwa kupiga picha za kupamba bibi harusi alikuwa Fadhiya. Siku ya kupamba wanaume hawasogei, simu za wageni huzuiwa mlangoni, na bibi harusi hukaa kichwa wazi mbele ya wanawake wenzake. Kamera ni moja tu, ya Fadhiya. Naye aliringa, hilo tulimalize mapema. Alikuwa amesomea kompyuta kidogo chuoni, akajitengenezea ukurasa mtandaoni wa kuonyeshea picha. Ukiufungua, ulikudai neno la siri. Aliwaambia wateja kwamba bila neno hilo hata jini haingii, nao wakatulia.

Harusi ya Ruweida na Aidarus ilipokwisha, neno la siri walipewa wawili tu: Ruweida mwenyewe na mdogo wake, Khairiya. Haukupita mwezi, rafiki wa Aidarus akamwonyesha kwenye simu picha ya mkewe, nywele wazi, hina hadi mabegani. Aidarus hakupiga kelele. Alimuuliza mkewe nani mwengine alikuwa na neno la siri, na Ruweida akamtaja nduguye.

Hukumu ikapita hapo hapo. Mtaa ukasema Khairiya alimwonea dadake kijicho. Mamake akaacha kula naye. Waliomposa wakatuma mtu kusema wamebadili nia.

Fadhiya, kwa kutaka kujisafisha, akaukagua ukurasa wake, akaliona kosa lake. Kila ulipofunguliwa, ukurasa ulishuka mzima kwenye simu ya aliyeufungua, pamoja na yale maagizo ya kuuliza neno la siri, na jibu lenyewe limeandikwa humo humo. Aliyejua kutazama maandishi ya nyuma ya ukurasa, na vijana wengi wanajua, alijisomea tu. Kompyuta ya mbali iliyohifadhi picha haikumuuliza mtu chochote. Bawabu ambaye Fadhiya alijisifia alikuwa amekaa mlangoni na ufunguo mapajani, kila mpita njia anauona.

Akaufuta ukurasa, akaenda kwa Ruweida, akamweleza yote. Ruweida alisikiliza hadi mwisho, kisha akafunga mlango wa chumba.

"Bi Fadhiya, usimwambie mtu. Aidarus yuwaamini ni Khairiya, alimpa shogake, wakaona watu wawili watatu. Hilo amelimeza. Akijua mlango ulikuwa wazi kwa ulimwengu mzima, mimi sina ndoa."

"Na Khairiya?"

"Khairiya atazoea."

Jibu lile lilimchukiza Fadhiya. Lilimpoza moyo pia, maana jina lake na kazi yake vilisalimika, na alilipokea upesi kuliko inavyomstahili mtu mwenye haya.

Ngazini alikutana na Khairiya, amekuja kumwomba dadake wazungumze, naye amekatazwa kupanda. Uso ulikuwa umemsinyaa. Akamuamkia Fadhiya kwa adabu, akamshika mkono, akamsihi atazame kwenye kompyuta yake ni nani hasa aliyeingia, kwa kuwa yeye ndiye mjuzi wa mambo hayo na akisema yeye, watu wataamini.

"Nimeshatazama, mwanangu," Fadhiya akasema. "Ukurasa ulifunguliwa kwa neno la siri. Nalo ulikuwa nalo wewe."

Khairiya akauachilia mkono wake, akamwomba radhi kwa kumsumbua.