Tawi la Njia Panda

Nilikuwa yaya wa wazungu waliokaa Likoni, na kila Jumapili walinipandisha nao Shimba, kwenye msitu wa serikali kule milimani, kutembea vijia vifupi. Kimoja asubuhi, kingine baada ya chai, na vyote vilizunguka msituni vikakurudisha pale pale penye motokari. Mimi nyuma, mtoto wao mgongoni, kikapu mkononi. Njia isiyokufikisha kwa mtu ni njia gani, wallahi? Lakini ruhusa ya kwenda kwetu nilipewa siku ya Idi tu, basi nikazunguka.

Jumapili moja tulifika njia panda. Memsabu akasimama. "Yaya, hii ya kushoto nakwenda wapi?"

Niliijua. Yateremka hadi kwenye mihogo ya mamangu; ukikaza mwendo, wali haujaiva umeshafika. Nikamwona mama moyoni, ameinama anapalilia, na hawa wamesimama wanamtazama kama walivyowatazama nyani asubuhi ile.

"Haina kitu, memsabu," nikasema.

Kwetu anayetangulia huvunja tawi bichi akalilaza kwenye njia isiyofuatwa, wa nyuma wasije wakapotea. Nikalivunja, nikalilaza kwa mkono wangu mwenyewe. Nilipomweleza maana yake, memsabu alifurahi sana.

Jumapili iliyofuata alikimbilia pale kabla yetu sote. Tawi lilikuwa limekauka, halijaguswa.

"Yaya, tazama!" akaniita, anacheka. "Hapana mtu amepita."