Ukuta Alioung'arisha Mama

Juzi nilimwona fundi akipaka vanishi nyumba ya magogo, na harufu ya tapentaini ikaniamshia hasira ya zamani. Baba alipokuwa akinunua jinzi za biashara Guangzhou, Uchina, tulipanga kijumba cha magogo karibu na Nansha, pembezoni mwa jiji hilo. Kuta zilikuwa nyeusi kwa ukungu. Mwenye nyumba alimwambia mama akizisafisha, tutakaa muda wote tupendao.

Mama alizisugua kwa brashi na sabuni mpaka vidole vikachubuka. Magogo yalipokauka, akayapaka vanishi, yakang'aa kama asali. Vanishi ilipokauka tu, mwenye nyumba akaja na wageni wawili. Akapapasa ukuta, akacheka, akanipa peremende. Nikadhani amekuja kushukuru, nami nikamwamkia shikamoo kwa adabu zangu zote.

Akasemezana Kichina na mama. Sikuelewa, ila nilimwona mama akinyoosha vile vidole vyake, na mwenye nyumba akitikisa kichwa kukataa.

"Mama, kaipenda nyumba?" nikauliza.

"Kaipenda mno, mwanangu. Kesho tunahama. Kawapa hawa wageni."

Leo nina watoto wangu, na bado natamani ningeweza kumnyang'anya ile shikamoo niliyompa.