Kucha Ishirini kwa Bei ya Kumi

Nilijifunza kununua kabla sijajifunza kuuza, na vyote viwili nilijifunza bila mwalimu. Shule niliachia darasa la nane. Yaliyobaki nimeyaokota katika vitabu vya mitumba, katika magazeti ya kufungia nyama, na kwa kuangalia watu. Nina kibanda cha mapazia na mashuka ya mitumba hapa Nakuru, na wanaonijua sokoni watakwambia kwamba mimi ni mgumu.

Ugumu wangu una utaratibu. Mimi huenda kununua asubuhi, kabla ya mtu mwingine yeyote, kwa sababu mfanyabiashara wa huku kwetu hapendi kumwachilia mteja wa kwanza aende mikono mitupu. Mteja huyo tunamwita wa kufungua. Akiondoka bila kununua, siku nzima imeharibika. Ndivyo tunavyoamini, na hata mimi huamini ninapokuwa upande wa pili wa meza. Basi nafika wa kwanza, nauliza bei, kisha nanyamaza. Watu wengi hawawezi kustahimili kimya cha mtu anayeangalia bidhaa. Bei ikifika mahali ikakataa kushuka, siondoki. Naomba nyongeza. Muuza nyanya ataongeza mbili, muuza maharagwe ataongeza konzi moja. Nyongeza haimuumi mtu, ndivyo nilivyokuwa nikiwaambia wanawake wenzangu, kwa sababu haina bei.

Dada yangu mkubwa hakuwa hivyo. Alilima viazi Olenguruone, na alipokuja mjini alilipa alichoambiwa alipe. Nikimgombeza hucheka tu.

Mwaka jana binti yake alikuwa analipiwa mahari. Wageni walitarajiwa Jumamosi, na sherehe ingefanyiwa kwangu kwa sababu barabara ya kwao huwa mbaya wakati wa mvua. Dada alifika Jumatano na kikapu cha viazi na kikohozi. Alisema ni baridi ya milima ya Mau, kila mtu kule anakohoa. Nikamchemshia tangawizi. Binti yake akapiga simu jioni hiyo na sauti yake niliisikia kutoka upande wangu wa meza.

"Mum, picha zitapigwa. Tafadhali usikuje na udongo kwa kucha."

Dada aliikata simu akaitazama mikono yake kama mtu anayesoma barua ya deni. "Hii udongo iko na miaka arobaini," akasema. "Itatoka na nini?"

Mimi nilijua itatoka na nini. Kulikuwa na mwanamke aliyetengeneza kucha ghorofani, juu ya duka la vifaa vya umeme, na kwa muda mrefu nilikuwa nataka kujua hiyo rangi ya jeli ina siri gani hata ikakaa wiki tatu bila kubanduka. Nilikuwa nimeisoma habari yake: rangi inapakwa tabaka kwa tabaka, kila tabaka linakaushwa chini ya taa ya samawati, na kinachobaki si rangi tena bali ngozi ngumu juu ya ukucha. Nilitaka kuiona ikifanyika. Asubuhi ya Alhamisi tulikuwa mlangoni kabla hajafungua kufuli.

Alikuwa mwanamke wa miaka kama thelathini, mwenye barakoa iliyoning'inia kwenye sikio moja. Akataja bei ya mtu mmoja. Nikaitazama taa yake. Nikazitazama chupa zake. Nikanyamaza.

"Mathe, wewe ndio wa kufungua," akasema mwishowe. "Siwezi kukuachilia. Lakini na wewe usinimalize."

"Tuko wawili."

"Nimeona mko wawili. Ndio naogopa."

Dada alicheka hadi akakohoa. "Huyu mzoee tu," akamwambia. "Akifika mbinguni ataomba apunguziwe dhambi."

"Na atapunguziwa," yule mwanamke akajibu, "kama atafika asubuhi."

Bei tuliishusha pole pole. Dada alikuwa amechagua rangi nyepesi, karibu isiyoonekana, kama maji yaliyotiwa tone la maziwa. Mwenye saluni akasema hiyo ni chupa mpya, haiwezi kushuka. Lakini alikuwa na nyingine, zambarau iliyoiva mpaka ikakaribia nyeusi, iliyokuwa imefunguliwa na ambayo watu hawakuichukua. Tukikubali hiyo, sote wawili, tungelipa karibu nusu.

"Hiyo ni giza sana," dada alisema.

"Giza inaficha udongo," nikamwambia.

"Sawa basi. Wewe ndio mwenye kujua."

Bei ilipokataa kushuka tena, nikaomba nyongeza. Mwenye saluni akauliza nyongeza gani sasa, na mimi nikaangalia chini, kwenye viatu vya wazi vya dada yangu. Vidole vya miguu. Akakataa, nikainuka, akanirudisha. Mimi miguu yangu sikuitaka ipakwe. Nilimwambia ampake dada peke yake, ndiye mama wa bibi harusi. Kwa hiyo dada yangu alipata kucha ishirini kwa bei iliyokuwa chini ya kumi. Nilishuka ngazi nikiwa na furaha ambayo bado naikumbuka vizuri.

"Wiki tatu," mwenye saluni alituitia kutoka juu. "Ikitoka mbele ya wiki tatu, rudini niwatengenezee bure."

Jumamosi ilipita vizuri. Nina picha ambayo dada ameshika kikombe kwa mikono miwili, vidole vimepangwa kusudi vionekane. Alikuwa amegundua kwamba kucha hizo zina sauti, na alizigongesha kwenye kikombe, kwenye meza, kwenye mkono wa kiti, tap tap tap, huku wazee wa upande wa pili wakijadili idadi ya mbuzi. Jumapili alilala mchana kutwa. Jumatatu alikuwa na homa. Jumanne asubuhi nilimpeleka kliniki iliyo karibu na kwangu, akitembea mwenyewe lakini akisimama kila baada ya hatua chache.

Sehemu hii nimejaribu kuiandika mara nyingi, nami nitaiandika kwa mpangilio wake.

Muuguzi alimlaza kitandani akatoa kile kibano kidogo kinachobana kidole na kusoma hewa iliyo katika damu. Akakiweka kwenye kidole cha shahada. Mahali pa namba kilionyesha vistari viwili. Akahamia kidole cha kati, kisha mkono wa pili. Vistari viwili. Akausugua mkono wa dada kwa viganja vyake ili upate joto. Akabadilisha betri. Kisha akakiinua kidole kwenye mwanga.

"Hii ni jeli?"

"Ndiyo," nikasema.

"Basi tujaribu mguu."

Akaanza kumvua soksi. Mimi nilijua kabla soksi haijatoka. Soksi ikatoka, na vidole vitano vyeusi vikatutazama. Muuguzi akavua ya pili.

"Hata huku?" akasema.

Alichovya pamba katika dawa ya kutolea rangi, akasugua ukucha wa kidole gumba. Haikutoka hata doa. "Hii inataka kulowekwa," akasema, akaenda wodi nyingine kutafuta kibano cha sikio. Mtungi wa oksijeni ulikuwa mmoja, na ulikuwa ukitumiwa na mzee wa kitanda cha dirishani; ili uhamishwe ilibidi namba ionekane kwanza. Tukangoja. Midomo ya dada ilikuwa imebadilika rangi, au labda nilikuwa nikiona rangi ile kila mahali. Aliuinua mkono mmoja, akautazama, akanitazama.

"Wiki tatu," akasema. Pumzi ilimruhusu maneno mawili tu. Alikuwa akitania.

Muuguzi akarudi. Sikio likatoa namba, na namba ilikuwa mbaya. Mtungi ukahamishwa, gari la wagonjwa likaitwa, tukaenda hospitali kubwa. Dada yangu alifariki kesho yake saa sita mchana. Daktari aliniambia homa ya mapafu ilikuwa imeshika pande zote mbili. "Alichelewa," alisema.

Sikumwuliza alichelewa kuanzia wapi. Kuanzia Olenguruone, alikokohoa kwa siku ambazo sizijui? Kuanzia Alhamisi, ambapo mtu mwenye akili angempeleka kwa daktari na si kwenye kucha? Au kuanzia kidole cha kwanza?

Wanawake waliokwenda kumvisha waliniuliza kama rangi itolewe. Walikuwa wamejaribu, ikawashinda. Mmoja akasema tumvalishe glavu nyeupe, watu hufanya hivyo. Nilienda kuzinunua mwenyewe. Mwuzaji akataja bei, nami nikamwambia apunguze. Mdomo ulijiendea wenyewe. Akapunguza.

Tulimzika Olenguruone, kwenye shamba lake. Nilirudi Nakuru, nikafungua kibanda, na rangi ikabaki mikononi mwangu. Ilikuwa imara kama alivyoahidi yule mwanamke. Niliosha vyombo, nikafua mashuka, nikafungua mabunda ya mitumba kwa kisu, na haikuchubuka. Nilikuwa nikisuuza kikombe jikoni nikasikia tap tap tap nyuma yangu, karibu na bega, nikageuka. Hakukuwa na mtu. Zilikuwa kucha zangu kwenye kikombe. Ingawa nilijua hivyo, niligeuka tena kesho yake, na siku iliyofuata.

Watu husema kucha za maiti huendelea kukua. Nilitafuta jambo hilo nikalisoma: si kweli, ni ngozi inayokauka na kurudi nyuma. Zangu zilikua. Kati ya ngozi na rangi palitokea pengo, upana wa punje ya mchele, kisha punje mbili. Hilo pengo lilikuwa ni muda wote niliokuwa nimeishi bila yeye. Kwake hakuna pengo. Rangi yake inafika mpaka shina la ukucha, kama tulivyoshuka nayo ngazi.

Nilisoma pia habari za kile kibano. Waandishi hawakubaliani. Wengine wanasema rangi nyeusi hukizuia, wengine wanasema hupunguza kidogo tu, wengine wanasema mikono baridi ni mbaya kuliko rangi. Nilisoma nikaona kusoma hakutanitosha. Wiki ya tano nikarudi kliniki, asubuhi, kabla wagonjwa hawajajaa.

Muuguzi alinikumbuka. Alianza kunipa pole, kisha akaona mikono yangu.

"Mama, hiyo ungeitoa."

"Niwekee kwanza ile mashine," nikamwambia. "Rangi ni ileile, chupa ileile. Nataka kuona."

Hakutaka. Nilimsihi. Akakibana kwenye kidole changu cha shahada. Vistari viwili. Kisha, baada ya muda nilioshindwa kuuhesabu, vistari vikaondoka na namba ikaja, nzuri kabisa, tisini na saba.

"Umeona? Inasoma," akasema. "Yake damu haikuwa inafika kwa vidole. Alikuwa baridi. Si rangi."

"Lakini imechelewa."

"Imechelewa kidogo."

"Siku ile ilichukua muda gani? Kutoka kidole cha kwanza mpaka sikio."

Alifikiri. "Dakika ishirini hivi."

Nikanyamaza. Sikukusudia. Nikaitazama tu ile mashine mezani.

"Ama kumi na tano," akasema. "Betri pia ilinichelewesha."

Sikujibu.

"Kumi, mama. Haikupita kumi."

"Na betri ilichukua ngapi?"

"Kama tatu."

"Na kwenda wodi ile nyingine?"

"Hata hiyo toa." Alikuwa ameweka mkono juu ya mkono wangu. "Vidole peke yake, sema dakika tano. Weka tano. Dakika tano haiui mtu."

Nikamtazama usoni. Sura ile naijua kuliko ninavyoijua yangu: ni sura ya mwanamke aliyechoka, mwenye watu wanaomngoja, ambaye atakupa unachotaka ili uondoke kwa amani. Alikuwa na huruma, na huruma yake ilikuwa ya kweli. Lakini zile dakika tano hazikuwa zake. Nilikuwa nimemvuta mpaka hapo mimi, kwa njia ileile ninayoijua, nikiwa nimekaa kwenye kiti cha mgonjwa. Ningekaa kidogo zaidi angenipa mbili. Kisha angeniambia hakukuwa na dakika yoyote.

"Mwanzo ulisema ngapi?" nikamwuliza.

"Mama, mambo ya mwanzo wacha."

"Ulisema ngapi?"

"Ishirini," akasema taratibu.

"Basi nitachukua hiyo."

Aliondoa mkono wake, akaniangalia kana kwamba nimemtukana. Mlangoni mgonjwa mwingine alikuwa amesimama, ameshika kitabu chake cha kliniki. Nikainuka nikampisha kiti.