Vifaru sita vya chef

Mkubwa wa karakana yetu ya mgodini, ambaye sote tulimwita chef, aliwachagua Waitaliano kwa sababu moja tu: walikuwa na injini. Sanduku la mchezo aliachiwa na mjiolojia mgeni aliyemaliza mkataba akarudi kwao. Ndani mlikuwa na vifaru vidogo sita vya plastiki, askari wa miguu wa Ethiopia zaidi ya hamsini, dadu nne, na kitabu cha kanuni cha Kifaransa, kinene kuliko katekisimu. Mchezo ulihusu vita vya zamani, Waitaliano walipoingia Ethiopia na magari yao ya chuma, na Waethiopia wakawangoja milimani.

Mimi nilikuwa karani wa stoo ya vipuri. Jumapili moja baada ya misa, chef alituita nyumbani kwake, mimi na mchomeleaji mmoja wa Kasulo, tuwe jeshi la Ethiopia. Hatukuulizwa kama tunataka. Chef alikaribisha watu kwa sauti ile ile aliyotumia kutoa amri.

"Mi njo chef wa bamashine," alisema akivisogeza vifaru upande wake. "Ninyi muko batu ya miguu. Mutembee."

Nilikubali kwa moyo wote, maana nilikuwa nimekwisha kuamua kushindwa. Ombi langu la likizo lilikuwa juu ya meza yake ya ofisini tangu mwezi uliopita: wiki moja tu, niende Dilolo kwenye harusi ya dada yangu. Niliona kwamba chef akishinda Jumapili, Jumatatu mkono wake utakuwa mwepesi wa kutia sahihi. Kosa langu ni kwamba sikumwambia mchomeleaji.

Mke wa chef, mwalimu mstaafu wa Kifaransa, alipewa kitabu awe mwamuzi. Milima tuliijenga kwa mawe ya kijani ya mgodi wa Mutoshi, ambayo mama yule aliyaweka kabatini pamoja na glasi za harusi yake.

Chef alipanga vifaru vyake katika njia nyembamba kati ya mawe, kimoja nyuma ya kingine, kama malori yanayongoja kwenye geti la mgodi. Alinguruma kwa mdomo kila alipokisukuma kimoja. Mimi niliwapanga askari wangu mbele ya bunduki zake, wamenyooka kama wanafunzi wanaosubiri kuimba wimbo wa taifa. Tisa walikufa mara moja.

"Chef, hiyo njo akili ya mekanisie!" nilimsifu ufundi wake wa mashine.

Mchomeleaji aliniangalia kama mtu anayeona jirani yake anamwagia moto petroli.

"Juu ya nini unabapeleka mbele ya bunduki?" alininong'oneza.

"Ni mbinu."

"Mbinu ya nani?"

Akachukua nusu ya jeshi bila kunisikiliza tena. Kwanza aliuliza kama askari wanaweza kuchimba. Alizaliwa Kasulo, ambako watu wamechimba kobalti hadi chini ya majiko yao, na kwake vita bila shimo vilikuwa na upungufu.

"Bapige shimo chini ya njia," alieleza, "tanki ianguke mule."

"Hapa si Kasulo!" chef alikemea.

Mama alifunua kurasa. "Kuchimba hakukukatazwa, lakini hakukuandikwa. Basi hapana."

Chef alitabasamu. Siku ile hakutabasamu tena.

Mchomeleaji aliwazungusha watu wake nyuma ya mawe, akawashusha mgongoni mwa kifaru cha mwisho.

"Minageuza bunduki," chef alisema.

"Kitabu kinasema bunduki iko mbele, haizunguki," mama akajibu.

"Basi tanki itageuka nzima."

"Njia ni nyembamba."

"Itarudi nyuma!"

"Nyuma kuko batu, Tata," mama alimwambia mumewe.

"Basi dereva atoke atengeneze!"

"Atoke aende wapi? Akitoka, banamukamata."

Dadu ilitoa sita, na kifaru cha mwisho kikapinduliwa. Chef akataka kukimbilia mbele, lakini mbele walijazana askari wangu wale niliowapanga wafe. Kanuni ilimtaka kurusha dadu kabla ya kupita kati yao. Akapata moja.

"Injini imezima," mama alisoma.

"Bainjini yangu haizimake!"

Mashine tatu za kazi zilikuwa zimelala mbovu katika ua wa karakana tangu Ijumaa. Vifaru vyote vilinaswa, huku mbele na nyuma pakiwa pamezibwa, vikapinduliwa kimoja kimoja. Tulikula bukari, yaani ugali, na bitoyo, samaki wa chumvi. Mama peke yake ndiye aliyejiongezea sahani ya pili.

Jumatatu nilikuta karatasi mezani kwangu. Haikuwa likizo. Ilikuwa barua rasmi, yenye muhuri wa karakana, ikinitaka nieleze katika saa arobaini na nane kwa nini niliweka watu mahali palipozuia mwendo wa mashine. Nikajibu kwa heshima: "Nakiri kwamba askari wangu walikufa mahali pasipofaa."

Mchana chef aliniita, akafunga mlango.

"Ulitaka kushindwa?"

"Ndiyo, chef."

"Juu ya hii karatasi ya congé?" aliuliza, akilinyanyua ombi langu la likizo.

"Ndiyo."

Alicheka hadi akavua miwani. "Ulitaka kunipa ushindi, na hata kushindwa kukakushinda! Uende kwa dada yako. Karani kama wewe hawezi kuwa hatari kwa mutu."

Akatia sahihi. Maneno yale yaliniuma njia nzima, lakini Dilolo nilicheza mpaka soli ya kiatu ikabanduka.

Niliporudi, nilikuta mambo yamebadilika barazani kwa chef. Mama alikuwa na vifaru. Chef alishika Waethiopia, na hakuwa akishambulia. Zamu baada ya zamu aliwaficha nyuma ya mawe.

"Chef, bashambulie sasa!" mchomeleaji alilia. "Tanki iko inapita!"

"Ukiharibu mashine, unaandika bon ya kuomba kipuri," chef alisema, akimshika askari mmoja mdogo kati ya vidole viwili. "Kwa huyu nitaandika nini? Babu yangu alitolewa Kasai, akaletwa huku mgodini, akapewa sepeto na namba. Hakuna mutu aliuliza kama atarudi."

Sikuwahi kumsikia akimtaja babu yake. Mama naye alimtazama kidogo, kisha akapitisha vifaru vyake vyote sita hadi ukingo wa meza, taratibu, bila kufyatua risasi hata moja. Akafunga kitabu.

"Vimevuka vyote. Nimeshinda," alisema.

Chef aliwapanga askari wake sandukuni, mmoja mmoja, bila kinyongo. Kesho yake, kwenye mkutano wa asubuhi, alitutangazia sote kwamba jeshi lake lilimaliza vita bila kupoteza mtu. Mafundi walimpigia makofi, nami nikapiga ya kwangu kwa nguvu kuliko wote.